Tufundishwe Kalibu, Manila Tumezichoka

Kila mwanachuo wa ualimu anaijua safari ya manila. Unainunua stationari, unaiviringisha, unaifunga na raba bendi, unapanda nayo basi huku umeikumbatia kama mtoto mchanga ili isikunjike. Ukifika shule unachora duara na mishale mitatu, unaandika kichwa cha somo kwa maka pen nyekundu, unaibandika siku mkaguzi wa chuo anapokuja. Akishaondoka, manila inaenda nyuma ya kabati la ofisi ya walimu kuungana na manila za wenzetu wa miaka iliyopita. Field yangu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, na maksi za zana nikapata nzuri tu.

Field ya pili nilipangiwa nyumbani, wilayani Ngara, shule ambayo naenda kwa miguu kutoka kwetu Mabawe. Huko, badala ya manila, nilitengeneza helmeti. Ndiyo, helmeti za maigizo, kwa kalibu, nyumbani kwa mama. Nataka niseme hoja yangu mapema ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika sasa: kozi yetu ya zana za kufundishia itufundishe kutengeneza kalibu. Na ikishaanza kutufundisha, ianzie kwenye jasi na karatasi. Resini ije mwisho kabisa, na kwa wengi wetu isije kamwe. Hilo la resini sikulisoma kitabuni. Nililiona kwa mdogo wangu wa miaka tisa.

Ilianza hivi. Kidato cha tatu nilikuwa nawafundisha tamthilia, nikaamua wasisome tu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, waiigize mbele ya shule. Ni tamthilia ya 1969 kuhusu vita ya Majimaji, ile ya 1905 hadi 1907, na kwa kuwa nafundisha Historia pia niliona nitapiga ndege wawili. Mazoezi ya kwanza yakaharibika ndani ya dakika tano. Kijana aliyecheza Mjerumani aliingia amevaa helmeti ya bodaboda, tena ile yenye kioo cha kushusha. Akashusha kioo. Darasa zima likalala chini kwa kicheko, na mimi pia, nisidanganye. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeweza kutamka neno "risasi" bila mtu kucheka.

Maofisa wa Kijerumani walivaa zile helmeti za jua, nyeupe au za kaki, kuba juu na ukingo kuzunguka. Askari wao Waafrika walivaa kofia nyingine, yenye kitambaa kinachoshuka kufunika kisogo. Kofia ya askari mama aliishona kwa jioni moja kutoka kwenye suruali ya kaki iliyochakaa. Helmeti ndiyo ilikuwa kazi.

Nilikuwa nimeangalia video nyingi kwenye simu, watu wa nchi za nje wanatengeneza helmeti za filamu kwenye gereji zao. Wanachonga umbo, wanalimwagia silikoni, wanapata kalibu, wanamimina resini ndani, wanazungusha, helmeti inatoka inang'aa. Inaonekana rahisi kama kupika maandazi. Silikoni sikuiweza kwa bei. Resini nilinunua nikiwa njiani kwenda nyumbani, ile ya poliesta ambayo mafundi wa bodi za gari na boti wanaita faiba, pamoja na kichupa cha hadna. Bumu lilikuwa limeingia. Sitataja nilitumia kiasi gani kwa sababu mama husoma gazeti hili nikirudi nalo.

Wenzangu wa sayansi watanisahihisha, lakini kwa lugha ya kawaida ni hivi: resini ya poliesta haikauki kama rangi. Inaganda kwa sababu hadna, ambayo ni peroksaidi, inaamsha mmenyuko, na mmenyuko huo unatoa joto lake wenyewe. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 hadi 2 za hadna kwa gramu 100 za resini. Mimi nilipima kwa kizibo cha soda. Na Ngara mwezi wa saba jioni si Dar, ni milimani, baridi inakaa kwenye mifupa. Baridi inachelewesha kuganda. Nikasubiri nusu saa, bado uji. Nikaongeza kizibo. Bado. Nikaongeza kingine.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mahali. Jiko letu la nje lilikuwa na moto, na resini hairuhusiwi kukaribia moto, hilo nililijua. Kwa hiyo nikaingia chumbani, chumba ninacholala na dogo, nikafunga dirisha ili joto lisitoke. Najisikia vibaya hata kuandika. Dogo alikuwa kitandani tayari. Nilimwambia ageukie ukutani.

Mvuke unaotoka kwenye resini ile ni wa stairini. Unachoma macho na koo, unaleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na kwenye chumba kilichofungwa unajikusanya. Mimi nilikuwa nimevaa barakoa ya kitambaa, iliyobaki tangu enzi za korona, nikajiona mtaalamu. Barakoa ya kitambaa inapunguza vumbi. Mvuke inauacha upite kama mlango ulio wazi. Halafu kopo likaanza kupata moto lenyewe, likatoa moshi, resini ikapasuka ndani ya kalibu kwa mlio kama wa barafu kwenye glasi. Nikalikimbiza nje. Niliporudi dogo alikuwa ameketi, anasema kichwa kinamgonga. Usiku akatapika mara mbili.

Asubuhi tulikuwa zahanati. Alikaa pale mpaka mchana, akarudi nyumbani anadai soda, kwa hiyo tukajua amepona. Mama hakunipigia kelele. Alisubiri tumefika nyumbani, akaweka mkoba chini, akasema, "Mwanangu, wewe mwalimu gani unayeanza na kumuua mwanafunzi wa nyumbani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoangalia video zile zile: wale watu wana feni za kutoa hewa, wana barakoa zenye vichujio vya mvuke, wana glovu, wana mizani. Video inaonesha mikono tu. Na kama muuzaji atawapa kichupa cha pili cha kuharakisha kuganda, msikichanganye na hadna moja kwa moja hata tone, vinaweza kulipuka. Mimi niliuziwa chupa mbili kwenye mfuko mmoja bila karatasi yoyote ya maelezo.

Resini ilipopasuka ilibaki imeng'ang'ania ndani ya kalibu ya jasi, na katika kuibandua nikavunja vyote viwili. Nikakaa kwenye kizingiti na vipande mkononi. Wiki hiyo jirani alikuwa anafyatua tofali, na nilipomwangalia nikaona aibu, maana jibu lilikuwa pale mbele yangu tangu utotoni. Kabla ya kupiga udongo analowesha kibao chake na kukinyunyizia mchanga. Asipofanya hivyo tofali linakataa kutoka. Tena kibao chenyewe kina pande zilizonyooka, hakuna mahali udongo unaweza kunasa. Kila mtoto wa Mabawe aliyewahi kubeba tofali anajua mambo hayo mawili, na ndiyo kanuni mbili kubwa za kalibu yoyote duniani: kitu kisigandane na kalibu, na umbo lisiwe na mahali panaponasa. Mimi nilizijua tangu darasa la pili ila sikujua kama nazijua, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kibao cha tofali ni somo.

Hapo ndipo nilipoanza upya. Helmeti ya jua ukiigeuza ni bakuli. Juu imebana, chini imepanuka, hakuna panaponasa. Haihitaji kalibu ya vipande viwili wala vitatu. Nikapindua sufuria kuukuu la mama (kwa ruhusa, safari hii niliomba), nikaleta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, nikajenga kuba na ukingo juu yake. Jasi nilipewa na mafundi wa dari, nusu mfuko uliobaki. Mfuko wa kwanza niliopewa ulikuwa umekaa wazi muda mrefu, ukavuta unyevu, ukagoma kuganda. Ukipata jasi ijaribu kwanza kwenye kikombe kabla hujaiamini. Na usiione kama kitu cha ulaya, jasi inachimbwa hapa hapa nchini, Makanya kule Same, na Itigi.

Unanyunyiza jasi kwenye maji, humwagi maji kwenye jasi. Unaacha inywe, unakoroga taratibu ili isiweke mapovu, unapaka tabaka jembamba la kwanza lishike umbo, kisha unaongeza zito lenye nyuzi za katani za gunia. Itapata joto, kisha itapoa, hapo imeganda. Joto hilo nalo si la mchezo. Mwaka 2007 huko Lincolnshire, Uingereza, msichana wa miaka 16 alizamisha mikono kwenye jasi darasani ili apate umbo la mikono yake, ikagandia, na joto likamuunguza hadi akapoteza karibu vidole vyote. Ilitokea shuleni, kwenye somo la sanaa, mwalimu yupo. Sisi tunaokwenda kuwa walimu tulipaswa kulijua hilo kabla ya kujua aina saba za zana.

Kalibu ikikauka juani siku kadhaa, unaipaka mafuta ya mgando ndani. Badala ya resini nilitumia mifuko ya saruji. Karatasi yake ni ngumu, haipasuki ovyo, na pale panapojengwa nyumba inatupwa. Ukung'ute kwanza mbali na watu, uchague tabaka la ndani lililo safi, uchane kwa mkono, usikate kwa mkasi, maana kingo zilizochanwa zinalaliana vizuri. Gundi ni uji wa muhogo. Tabaka sita. Jasi inanyonya maji ya karatasi, na kiangazi chetu kinamalizia. Siku ya pili helmeti inatoka yenyewe na mlio mdogo, mliosikia mtaelewa kwa nini nimeandika insha nzima.

Zile mbili za kwanza hazikuingia kichwa cha mtu yeyote wa kidato cha tatu. Nilisahau kwamba karatasi inajazia kwa ndani, kwa hiyo unene wa tabaka sita unakula nafasi ya kichwa. Nikarudia umbo, nikaongeza upana wa kidole kuzunguka. Kuanzia hapo wanafunzi wenyewe wakachukua kazi. Kalibu moja ilitoa helmeti tisa ndani ya wiki tatu, zikapakwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye ndoo ya mtu. Ya kwanza ilinichukua siku nane. Ya tisa waliitengeneza wasichana wawili wakati mimi niko darasani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Kwenye darasa lile kuna mwanafunzi mwenye ualbino. Haoni mbali. Anakaa dawati la mbele na bado ubaoni hapaoni vizuri, kwa hiyo manila zangu zote za field ya kwanza, na za kwenu, kwake ni ukuta. Siku ya mazoezi aliichukua helmeti akaiweka karibu kabisa na uso, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo, akaigonga. Kisha akauliza, "Mwalimu, mbona nyepesi hivi? Ilikuwa inazuia risasi kweli?"

Nikamwambia hapana. Helmeti zile zilitengenezwa kwa moyo laini wa mmea au kwa magome ya aina ya koki, kazi yake ni jua. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hiyo wote walikuwa wamevaa kitu kisichozuia risasi."

Darasa likakaa kimya, halafu likaanza kubishana, na sikulizuia. Mmoja akasema maji ya Kinjeketile hayakuwa vazi. Mwingine akasema yalikuwa, kwa sababu yaliwapa watu moyo wa kusimama mbele ya bunduki kama vile helmeti ilivyompa Mzungu sura ya mkubwa. Mwingine akauliza kama helmeti ndiyo iliyofanya watu wamwogope au ni bunduki ya mashine. Kipindi kiliisha, mwalimu wa Hesabu akasimama mlangoni, hawakumwona. Nimekaa miaka mitatu kwenye ualimu na sijawahi kusikia swali kama lile likitoka kwenye manila.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa mtu mwema, aliuliza habari za safari na akanywa chai. Mwisho wa kipindi akauliza zana iko wapi. Nikaonesha helmeti, zimepangwa juu ya dawati. Akasema, "Hizo ni za maigizo. Nauliza zana ya somo." Kwenye fomu, kisanduku cha zana, nikapata maksi ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia. Simlaumu yeye peke yake, fomu yenyewe ndivyo ilivyo. Ina nafasi ya "chati, picha, ramani." Na sisi kozi nzima tumefundishwa kuijaza fomu.

Kuna kesi moja ya Uingereza naipenda kwa sababu hii. Andrew Ainsworth, fundi wa plastiki mwenye karakana London, ndiye aliyetengeneza mwaka 1976 zile helmeti nyeupe za askari wa filamu ya Star Wars, kwa kupasha moto plastiki na kuivuta juu ya kalibu. Miaka mingi baadaye akawa anauza nakala, kampuni ya filamu ikamshtaki. Ikafika Mahakama ya Juu, Julai 2011. Swali lilikuwa kama helmeti ile ni sanamu, yaani kazi ya sanaa inayolindwa kwa muda mrefu, au ni kitu cha matumizi. Mahakama ikakubali kwamba si sanamu. Ni kitu chenye kazi, kinavaliwa ili filamu itengenezwe. Wapenzi wa filamu walinuna. Mimi nilipoisoma nilitamani niiprinti nimtumie mkaguzi wangu. Helmeti ina kazi. Imefanya kazi mbele yake, darasani, na kwenye fomu imehesabiwa pambo.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba walimu si mafundi. Basi tuwaulize Wamakonde, ambao vinyago vyao vya mapiko huvaliwa kichwani kama helmeti kwenye ngoma za jando na unyago. Pale anayechonga, anayecheza na anayefunda vijana wanafanya kazi moja, na hakuna aliyewauliza kama ni mafundi au walimu. Nitaambiwa pia hakuna muda. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na shule tunazokwenda kufundisha zitadai watu wenye mikono. Kuhusu hela, hoja hiyo inawezekana kwa resini. Kwa mifuko ya saruji na uji wa muhogo, samahani.

Kalibu haiishii kwenye helmeti. Kalibu moja ya ramani ya Tanzania yenye milima iliyoinuka na Ziwa Victoria lililobonyea inaweza kutoa nakala arobaini, kila mtoto akashika ya kwake, hata yule asiyeona ubao. Moyo wa Bayolojia, koni na tufe za Hesabu, vyote hivyo. Ninachoomba kwa serikali ya wanafunzi, kitengo cha taaluma, ni kitu kidogo: Jumamosi mbili muhula ujao, nje, chini ya mti na si ndani ya ukumbi, jasi mifuko mitatu. Mimi nitafundisha nilichonacho. Wenzetu wa Kemia waje watueleze resini kwa usalama wake, ili anayeitaka aende nayo akiwa anajua. Na kitengo kipeleke barua idarani, ile fomu iongezwe neno moja baada ya "chati, picha, ramani": vifani. Barua nimeshaiandika, inahitaji saini.

Helmeti saba zimebaki shuleni. Moja ilikanyagwa. Ya tisa anayo dogo, anaivaa akichunga mbuzi na amekataa kuirudisha, na kwa yaliyompata sijaona wa kumnyang'anya. Kalibu iko nyumbani Mabawe, chini ya kitanda cha mama, ameiwekea maharage ya mbegu ndani. Amesema anayepangiwa field upande wa Ngara anaweza kuja kuiazima, ila aje na debe lake la kuhamishia maharage.